Uzoefu wangu: shule ya kiangazi ya haki za binadamu, Strasbourg

Wakili kijana, mwanafunzi wa sheria au mtu wa asasi ya kiraia akiniuliza kama kozi ya kiangazi ya haki za binadamu ya Strasbourg, Ufaransa, inafaa, namwambia aende. Anayetafuta mbinu za kampeni na uhamasishaji atafute kwingine, kwani hapa kinachosomwa ni sheria yenyewe: mikataba, hukumu na taratibu za mahakama.

Taasisi inayoendesha kozi hii kila Julai ilianzishwa mwaka 1969 na René Cassin, mmoja wa walioandika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kwa fedha za Tuzo ya Amani ya Nobel aliyoipata 1968. Masomo ni kwa Kifaransa na Kiingereza. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iko mji huohuo. Unapanda tramu ya E na kushuka kituo cha Droits de l'Homme.

Kwangu mimi, faida kubwa ilikuwa kuelewa kwa nini mashauri hukwama kabla hata hayajasikilizwa. Tangu Februari 2022, mlalamikaji ana miezi 4 tu ya kupeleka shauri Mahakama ya Ulaya baada ya uamuzi wa mwisho wa nchini kwake. Zamani ilikuwa 6. Fomu hutumwa kwa posta, ikiwa na saini halisi, na maelezo ya nyongeza yasizidi kurasa 20. Ukiacha sehemu wazi au nyaraka moja ikakosekana, fomu haisajiliwi na siku zinaendelea kuhesabika. Mtu ana haki yake kamili, anaipoteza kwa karatasi moja. Jambo hili liliniuma, na ndilo limebadili namna ninavyoandaa faili tangu siku ya kwanza ya kesi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna la kulinganisha. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu hautaji idadi ya miezi ya kupeleka shauri, unasema muda unaofaa. Ila mtu binafsi hafiki moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika, Arusha, kama nchi yake haikutoa tamko la kuruhusu hilo, chini ya ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha mahakama hiyo. Tanzania ilitoa mwaka 2010, ikalifuta. Kufuta huko kulianza kutumika Novemba 2020. Mahakama imo ndani ya nchi yetu, na Mtanzania hawezi tena kuipelekea shauri jipya mwenyewe. Liseme hilo darasani, wenzako kutoka mabara mengine wengi hawalijui.

Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Beba hukumu mbili za Arusha ulizozisoma hadi mwisho: ya Mchungaji Mtikila ya 2013 kuhusu mgombea binafsi, na ya Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, dhidi ya Kenya ya 2017. Kwa upande wa Ulaya, ingia HUDOC, hazina ya hukumu isiyolipiwa, na utazame walau usikilizaji mmoja wa Jopo Kuu la majaji 17. Video zipo kwenye tovuti ya mahakama. Asiyejiandaa hivi hutumia siku za mwanzo kuandika istilahi tu, huku mhadhara unampita.

Sasa viza, maana wengi huishia hapo. Maombi ya viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ufaransa ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45, tena miadi yenyewe huenda ikawa mbali. Ukisubiri hadi Juni umechelewa. Panga kupeleka faili mwezi wa nne. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu na iwe hai miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Schengen. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Ada ya mtu mzima ni euro 90, hairudishwi ukinyimwa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni tarehe kupishana: barua ya mwaliko inasema hivi, tiketi vile, bima inaisha siku moja kabla ya kurudi. Zipange zote mezani, uzisome moja baada ya nyingine kabla ya kufunga bahasha. Kama una mfadhili, barua yake itaje nani analipa ada ya kozi, nani nauli, nani malazi. Neno "gharama zote" pekee huzua maswali.