Miwani ya jua: ya polaraizi au ya giza tu?

Miwani ya giza ya kawaida hufifiza kila kitu kwa pamoja: mng'ao, mwamba, hata uso wa mwenzako. Ya polaraizi huchagua. Mwanga wa jua ukigonga maji na kuruka, mawimbi yake mengi hulala mlalo. Lenzi huyazuia hayo na kupitisha ya wima. Simama ufukweni saa tisa alasiri ukiwa umeivaa: ule weupe unaochoma macho unafutika, na chini ya maji unaona majani ya bahari na mchanga wenye mistari. Laza kichwa begani, mng'ao unarudi. Dukani najaribu hivyo hivyo kwenye kaunta ya kioo kabla sijalipa.

Rangi je? Polaraizi huzikoleza tu, kwa kuondoa weupe uliozifunika. Kinachozigeuza ni rangi ya lenzi: kijivu huziacha zilivyo, kahawia huzivuta kwenye umanjano.

Baharini na kwenye lami iliyolowa nachukua polaraizi bila kusita. Ya kawaida inafaa zaidi kwa skrini ya simu, ambayo chini ya polaraizi huweza kuwa nyeusi ukiigeuza. Kwa miale ya urujuanimno, tafuta alama ya UV400 kwenye zote mbili. Giza peke yake halikingi.