Kigeuzi cha Waveshare cha USB kwenda RS232/485: miezi minane kwenye inveta ya mama

Nyumba ya mama iko Buswelu, Mwanza. Stoo kuna inveta ya kilowati 5 na betri zake, sebuleni kuna Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoendesha Home Assistant, programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani. Nilichotaka ni kitu kimoja: betri ikishiba na jua likiwa kali, pampu ya maji iwake yenyewe, mama asitoke tena kwenda kubonyeza swichi nyuma ya nyumba saa saba mchana. Kwa hiyo Pi lazima isome hali ya betri kutoka kwenye inveta, na inveta hizi za ukoo wa Axpert, ambazo mafundi wengi wa sola tunazifunga, zinaongea lugha ya zamani: RS-232, mwendo wa baudi 2400, kupitia tundu linalofanana kabisa na la kebo ya intaneti. Pi inaongea kwa USB, kwa hiyo katikati panahitajika kigeuzi.

Kifaa ninachokizungumzia ni kigeuzi cha Waveshare, kile chenye matokeo ya aina tatu za siriali, RS232, RS485 na TTL, na chipu ya FT232RL ya kampuni ya FTDI na utengano wa umeme kati ya pande zake mbili. Kimekaa kazini miezi minane sasa, kimepita mwisho wa masika na vuli yote. Hakijazima hata mara moja.

Hilo la mvua nalitaja makusudi. Kabla yake nilifunga kigeuzi cha bei ya chini kisicho na jina, nikafurahi nacho wiki sita. Jioni moja ya mwezi wa tatu radi ilipiga mti kwa jirani. Inveta ilibaki nzima, Pi ilibaki inawaka, ila kigeuzi kilikufa na tundu moja la USB la Pi likafa nacho. Nilipokaa kufikiri, nikaona njia niliiweka mwenyewe. Waya wa GND, yaani wa ardhi ya pamoja, wa RS-232 unaifunga Pi na inveta moja kwa moja, shaba kwa shaba. Stoo ina waya wake wa ardhini, sebule ina njia yake. Siku za kawaida volti za ardhi hizo mbili zinakaribiana. Radi ikianguka karibu, tofauti inapanda ghafla na kutafuta pa kupitia, na palipokuwepo ni ule waya mwembamba na kifaa cha kwenye ncha yake.

Kwenye hiki cha Waveshare upande wa USB na upande wa siriali haviunganishwi na shaba yoyote. Data inavuka kwa sumaku ndani ya chipu, na upande wa pili unalishwa umeme wake uliotenganishwa. Radi ikiipiga nyumba yenyewe sitegemei kitu chochote kipone. Lakini radi za jirani ndizo nyingi huku kwetu ziwani, na tangu nimekifunga zimepiga nyingi tu.

Sasa kufunga waya, maana hapa ndipo watu wengi wanakwama na kudhani kifaa ni kibovu. Ndani ya boksi hakuna kebo ya kwenda kwenye inveta, unaitengeneza. Nilichukua kipande cha kebo ya mtandao, Cat5e, cha mita 11 kilichobaki kwenye kazi nyingine. Upande wa inveta nikabana kichwa cha RJ45, kile cha kebo ya intaneti, kwa mpangilio wa kawaida wa T568B: pini ya 1 ni nyeupe yenye mstari wa chungwa, ya 2 ni chungwa, ya 8 ni kahawia. Kwenye inveta hii pini ya 1 inatuma, ya 2 inapokea, ya 8 ni GND. Upande wa pili nikaweka DB9, plagi ya pini tisa, ya kike ya skrubu, isiyohitaji kulehemu. Kigeuzi kinapokea kwenye pini ya 2, kinatuma kwenye 3, na GND yake ni 5. Kwa hiyo nyeupe-chungwa inaenda 2, chungwa inaenda 3, kahawia inaenda 5. Nyaya tano zilizobaki nilizikata na kuzifunika kila moja peke yake, kwa sababu baadhi ya inveta huweka volti za kulishia vifaa kwenye pini nyingine za tundu hilohilo.

Usiamini rangi wala mchoro uliotumiwa kwenye simu. Washa inveta, weka maltimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye GND, nyekundu kwenye pini unayoishuku. Laini ya RS-232 inayotuma, ikiwa imetulia, inakaa kwenye volti hasi. Yangu ilisoma -5.6 kwenye nyeupe-chungwa, na kwenye chungwa karibu na sifuri. Fanya hivyohivyo kwenye kigeuzi kikiwa kimechomekwa USB: pini yenye volti hasi ndiyo inayotuma. Kisha hasi ya huku iende kwenye isiyo hasi ya kule. Dakika tatu, na umemaliza ubishi wote wa kebo iliyonyooka na kebo iliyovuka.

Niliandika amri ya QPIGS, inayoiuliza inveta hali yake, na alama zake za mwisho za uhakiki, nikaibonyeza. Taa ndogo ya TXD (kutuma) ikapepesa, ya RXD (kupokea) ikafuata, na kwenye skrini ukaja mstari ulioanza na mabano: (228.4 50.1 230.1 50.0 0276 0231 005 na kuendelea. Volti za gridi, masafa, volti zinazotoka, mzigo wa wati 231. Friji na taa za mama hizo. Nilikaa sakafuni naziangalia zinavyobadilika kila nikiuliza.

Taa hizo mbili, kwa maoni yangu, zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana. TXD ikipepesa na RXD ikinyamaza, unajua swali limetoka na jibu halijarudi, kwa hiyo tatizo ni waya au baudi, si programu.

Jambo jingine linalonifanya nipendelee FT232RL ya kweli ni namba. Kila chipu ina namba yake ya utambulisho, hivyo kwenye Linux unaielekeza Home Assistant kwenye njia iliyo chini ya /dev/serial/by-id, yenye namba hiyo, badala ya ttyUSB0, jina linalotolewa kwa zamu ya kutambuliwa. Umeme ukikatika na kurudi, ukiwa na vigeuzi viwili, ttyUSB0 na ttyUSB1 vinaweza kubadilishana nafasi, halafu programu inaanza kuuliza betri kwenye kifaa kisicho na betri. Vile vya bei rahisi vyenye chipu nyingine, CH340, kwa kawaida havina namba, viwili vinafanana kama mapacha. Na chipu bandia za FTDI zipo tele: mwaka 2014 draiva iliyokuja na masasisho ya Windows ilizifanya zisitambulike kwa kuzibadilisha namba ya aina ya bidhaa (PID, si ile ya kila chipu) kuwa 0000. Nunua pale unapoamini.

Kuna jambo la kujua kabla ya kulipa. Kuwa na RS232 na RS485 kwenye kasha moja hakumaanishi unatumia zote kwa pamoja. Chipu ina njia moja ya siriali. Nilitaka inveta ikae kwenye DB9 na mita ya umeme inayoongea Modbus kwa RS485, Eastron SDM120, ikae kwenye A na B, nyaya mbili za RS485, nikalazimika kuagiza kigeuzi cha pili. Mita hiyo nayo inatoka kiwandani kwenye baudi 2400, anwani 1. Ukikosa jibu kwenye RS485, badilisha A na B kwanza kabla ya kugusa kingine. Watengenezaji hawakubaliani ipi iitwe A, na kuzigeuza hakuunguzi kitu.

Bei: kilinifikia Mwanza kwa takriban shilingi 85,000 pamoja na usafiri. Kwa pesa hiyo ungepata vile visivyo na utengano vitano au sita. Kwa kazi ya mezani, kupanga ruta au kusoma bodi ya majaribio, chukua hivyo vya rahisi, vinatosha. Kwa waya unaotoka stoo kwenda sebuleni na kukaa humo mwaka mzima, mimi sirudi nyuma.

Kanuni ya pampu ni fupi: betri ikifika asilimia 90, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, na boya la simtanki likiwa chini, washa. Siku ya kwanza mama alinipigia simu kama saa sita na nusu. "Mwanangu, nasikia maji yanapanda juu, nani kawasha?" Nikamwambia hakuna mtu. Akanyamaza kidogo, nikasikia anaenda dirishani kuhakikisha.