TAHADHARI: Gasketi za tapeti kava "orijino" zinazokufa mara tu siku za kurudisha mzigo zikiisha

Wakuu, yeyote ambaye injini yake inavujisha oili kwa juu na anatafuta mtandaoni gasketi ya tapeti kava (mpira unaoziba kifuniko cha juu ya injini), tafadhali asome hii kabla hajalipa. Kuna muuzaji mwenye tangazo zuri sana: picha ya boksi la kampuni, namba ya spea, na maelezo kwamba gasketi ni ya silikoni, orijino, na inakuja na sili za plagi pamoja na washa zake. Kinachofika mlangoni ni kitu kingine. Simtaji jina, kwa sababu maduka ya namna hii hubadilisha majina kila kukicha. Mchezo wenyewe haubadiliki, na huo ndio nataka muujue.

Masharti yake yanasema unaweza kurudisha mzigo ndani ya siku 7, mfuko ukiwa haujafunguliwa. Hapo ndipo penye mtego. Gasketi ya mpira duni haivuji siku ya kwanza. Chini ya tapeti kava hakuna oili yenye presha kubwa kama ile inayosukumwa kwenye beringi za krenki, shafti kuu ya injini. Ni oili inayorushwa na kamshafti (shafti inayofungua vali) ikizunguka, kisha inateremka yenyewe kurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Karibu mpira wowote mpya unaweza kuizuia kwa muda. Kinachoua gasketi ni joto. Oili ya injini iliyokwisha kupata moto huwa kwenye nyuzi 90 hadi 110 za Selsiasi, na upande wa egzosti, unakotokea moshi, silinda hedi yenyewe (kipande cha injini kilicho chini ya kava) ni ya moto zaidi. Mpira wa kawaida wa nitraili ukikaa humo muda mrefu hukauka, huwa mgumu, na hubaki umelala vilevile ulivyobanwa. Ndiyo maana gasketi nyingi za magari ya sasa hutengenezwa kwa mpira wa akriliki, unaohimili takribani nyuzi 150, au kwa silikoni inayofika nyuzi 200. Kwa macho tu huwezi kuitofautisha na takataka. Mpira mbovu utakufa baada ya wiki kadhaa, na wakati huo zile siku 7 zimeshapita zamani.

Yangu ilianza kwa harufu ya oili inayoungua kila niliposimama kwenye foleni. Nilikuwa nimeifunga kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha kitabu cha gari, kwenye kava safi na isiyopinda. Nilipofungua tena, mpira wa upande wa egzosti ulikuwa bapa, umelingana na ukingo wa mfereji wake, na nilipoukunja ukakatika. Ile gasketi ya zamani niliyoitoa mwanzo ilikuwa imechukua miaka mingi kufika hali hiyo. Nikachoma kipande kidogo nje ya nyumba. Silikoni halisi ikiungua huacha majivu meupe. Hiki kilitoa moshi mweusi mzito na kubaki masizi meusi. Haikuwa silikoni, wala haijawahi kuwa.

Jibu la muuzaji lilikuja upesi: "Umekaza kupita kiasi." Hakuomba picha, hakuuliza ni injini gani. Nilipoulizauliza nikakuta wanunuzi wengine wamepewa jibu hilohilo, neno kwa neno. Hili linaniuma kuliko hata pesa. Mtu amejitahidi kutengeneza gari lake mwenyewe nyumbani, amefuata kila hatua kwa uangalifu, halafu anaambiwa hajui kazi, naye anaamini kwa sababu ni mara yake ya kwanza. Anaacha kudai. Wengine wanaacha kabisa kushika spana.

Halafu muuzaji huyohuyo anaanza kukuuzia tiba. Kwanza ni silikoni ya kwenye tyubu: anakuambia upake mzunguko mzima wa gasketi ndipo ufunge. Usithubutu. Gasketi ya mpira yenye mfereji wake hukaa kavu. Silikoni huwekwa tone dogo tu pale vipande viwili vya chuma vinapokutana, yaani kwenye kona ambapo kava ya taiming (kifuniko cha mbele ya injini) inagusana na silinda hedi, na kwenye zile nusu duara za mwisho wa kamshafti kwa injini zilizo nazo. Ukipaka pote, mpira unateleza na kutoka kwenye mfereji wakati wa kukaza, na silikoni iliyozidi inaminyika kuingia ndani. Vipande vyake vikishuka hadi kwenye sampu vinaweza kuziba chujio la pampu ya oili, na hapo kinachokufa ni injini nzima.

Tiba ya pili ni chupa ya dawa ya kuzuia uvujaji, ya kumimina ndani ya oili. Dawa hizi huvimbisha na kulainisha mpira. Kwa sili iliyosinyaa kidogo zinaweza kupunguza uvujaji kwa muda, lakini kwa gasketi iliyokwisha kuwa bapa na kupasuka hazifanyi kitu.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Anakuunganisha na fundi anayemjua yeye. Fundi anaingia chini ya gari, anaona oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi, anatoka akitangaza kwamba sili ya nyuma ya krenki imekwisha na lazima giaboksi ishushwe. Kweli, sili ile huchakaa. Lakini oili inayotoka nyuma ya tapeti kava huteremka mgongoni mwa injini, upepo unaipeleka nyuma gari likitembea, na inakwenda kudondokea palepale. Kutoka chini, aina hizi mbili za uvujaji ni kama mapacha. Kwa hiyo ukaguzi uanzie juu kila mara: osha injini, iache ikauke, endesha gari kidogo, zima, kisha fuatilia unyevu kwa tochi kutoka juu kwenda chini. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo penye chanzo. Ipo pia rangi maalumu ya kuchanganya kwenye oili, ambayo hung'aa ukimulika kwa taa ya urujuanimno. Anayetaka kushusha giaboksi kabla ya kufanya hata moja kati ya haya, usimpe funguo.

Sasa tuje kwenye kununua. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kwa maandishi: je, naruhusiwa kufungua mfuko nikague, na nikikuta kasoro nirudishe? Muuzaji wa kweli atasema ndiyo, kwa sababu gasketi haiharibiki kwa kutazamwa. Akizungukazunguka, achana naye. Muulize pia namba ya spea, kisha uilinganishe mwenyewe na ile inayotokana na namba ya chesisi ya gari lako, maana injini za jina moja huweza kuwa na kava mbili tofauti kulingana na mwaka.

Mzigo ukifika, fungua huku ukirekodi video, lebo ikionekana. Pitisha vidole kwenye mpira wote, taratibu. Kimo chake kiwe sawa kila mahali. Ukikuta sehemu nene na sehemu nyembamba, au vinyuzi vya mpira vilivyobaki kwenye maungio ya kalibu, hiyo ni kazi ya kulipua. Bonyeza kwa ukucha: alama inatakiwa ipotee papo hapo. Ukunje ukitazama kama unaonyesha nyufa ndogondogo juu yake. Kisha ilaze kwenye mfereji wa kava ikiwa kavu. Inatakiwa ikae yenyewe bila kuvutwa wala kusukumiwa ndani, na kuchomoza ukingoni kwa kiasi kilekile pande zote. Linganisha na ya zamani kwa umbo, kona na matundu ya bolti, si kwa unene, kwa kuwa ya zamani imeshabanwa miaka mingi na lazima iwe nyembamba.

Hesabu vilivyomo. Kwenye injini ambazo plagi zimezama katikati ya kava, seti kamili huwa na sili za matundu ya plagi, na nyingine huja na washa za mpira za bolti. Wapo wanaovunja seti: wanatoa sili na washa, wanauza kando, kisha wanakupa gasketi peke yake kwenye mfuko uliofungwa upya kwa joto. Ukifunga gasketi mpya juu ya sili za plagi zilizokufa, oili itaendelea kujaa kwenye matundu ya plagi, koili zitaharibika na injini itaanza kukosa moto, na muuzaji atakuambia tena kwamba hujui kukaza.

Kuhusu kufunga kwenyewe, nasisitiza yale tu ambayo yatamnyima kisingizio. Injini iwe imepoa kabisa. Kama kuna oili kwenye matundu ya plagi, inyonye au ifute yote kabla hujagusa plagi, la sivyo itashuka ndani ya silinda. Kwangua mabaki kwa kikwangulio cha plastiki, kwa maana alumini ya silinda hedi huchunika kwa urahisi na kila mchubuko unakuwa njia ya oili. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwenye ukingo wa kava. Kava ya plastiki iliyopinda au kupasuka haitaponywa na gasketi yoyote, hata ya kiwandani. Anza bolti zote kwa mkono, kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa kupishanisha, kwa awamu mbili. Bolti hizi ni ndogo na kwa injini nyingi hutaka Nm (nyutoni-mita) 8 hadi 10 tu. Kipimo cha kufuata ni cha kitabu cha gari lako. Piga picha ya spana ya toki ikionyesha kipimo hicho. Picha hiyo moja inafuta neno "umekaza kupita kiasi".

Kagua pia vali ya PCV, ile inayotoa hewa chafu ndani ya injini na kuirudisha kwenye njia ya kuingizia hewa. Ikiziba, presha inapanda ndani ya injini na kuisukuma oili itoke popote penye udhaifu, hata kwenye gasketi nzuri. Ninalisema hili kwa haki: si kila gasketi inayovuja imetoka kwa tapeli. Ukishahakikisha vali iko wazi na gasketi bado imekufa, unajua wa kumdai.

Na unapodai, dai kwenye mfumo uleule uliolipia, kwa maandishi, ukiweka picha ya tangazo lenye neno "silikoni", video ya kufungua mfuko, picha ya mpira uliokatika na picha ya spana. Akisema mhamie kwenye simu "tuelewane", kataa, kwa sababu huko hakuna ushahidi unaobaki. Hifadhi picha ya tangazo siku ileile unayonunua. La kwangu lilibadilishwa maneno baada ya malalamiko, "orijino" ikawa "ubora wa orijino".

Kwa ambao tayari mmefunga gasketi ya aina hii, msisubiri tone lionekane chini. Fungueni boneti mkimulika upande wa egzosti. Oili ikifika kwenye manifodi (bomba la kutolea moshi) yenye moto inatoa moshi, na inaweza kuwaka. Mkiona unyevu hapo au mkisikia harufu ya kuungua ndani ya gari, msiliendeshe tena mpaka gasketi ibadilishwe, na ile iliyoharibika msiitupe, wekeni kwenye mfuko wenye tarehe.