Boti ya mwendo kasi Goma–Bukavu: kaa kushoto

Chukua ya asubuhi. Mchana upepo huinua mawimbi ya Ziwa Kivu, maji yanapiga vioo, watu wanatapika. Ukitoka Goma kaa kushoto, dirishani: kisiwa cha Idjwi kinapita upande huo, migomba ikishuka hadi ufukweni. Geuka nyuma mapema, kabla mawingu hayajaifunika Nyiragongo, mita 3,470, mlima uliomwaga lava hadi ziwani mwaka 2002. Linalogusa moyo zaidi ni wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wanaorudi alfajiri: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, nguzo ndefu za wavu zikichomoza mbele na nyuma. Viti vimebana. Jaketi la kuokolea likaze mikanda. Likilegea, majini linapanda hadi usoni.