Kuona sokwe Kibale: nendeni, na mkifika muulizeni renja kuhusu majike wazee

Watu wengi wakiandika maoni yao kuhusu Kibale, ile hifadhi ya msitu magharibi mwa Uganda, wanaongea picha, tope na bei ya kibali, sawa, hayo nami nitayagusa, lakini kwangu kilichofanya safari iwe na thamani ni maelezo ya renja kuhusu uzazi na uzee wa sokwe, na naona wageni wengi wanaondoka bila kuyapata kwa sababu hawaulizi tu.

Tulienda wamama wa chama chetu, wengi tuko hamsini na kuendelea. Kampala mpaka Fort Portal ni kama kilomita 300, alafu unashuka mpaka Kanyanchu, kituo cha wageni cha hifadhi, ambapo mnapewa maelekezo asubuhi, mnagawanywa vikundi, kila kikundi na renja wake, mnaingia msituni. Mkishawapata sokwe mna saa moja basi, hakuna kuongezewa. Sisi tuliwakuta kwenye mkuyu wenye matunda kwahiyo walikua wametulia, na chini ya mti kulikua na jike amekaa peke yake, nywele za mgongoni zimepungua, renja akasema huyo ni mzee. Mama mkubwa wetu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na huyu bado anazaa?" Renja akamwambia, "Mama, hilo swali limejibiwa humu humu Kibale, tukitoka hapa nawaeleza."

Na kweli njia nzima ya kurudi alitueleza. Ndani ya msitu huu kuna sehemu inaitwa Ngogo, watafiti David Watts na John Mitani walianzisha mradi pale mwaka 1995 na sokwe wamefuatwa tangu hapo. Mwaka 2023 kundi la watafiti likiongozwa na Brian Wood likachapisha kwenye jarida la Science habari za majike 185 waliofuatiliwa kwa miaka 21: uwezo wa kuzaa unaanza kushuka baada ya miaka 30, hakuna aliyezaa akishapita 50, lakini wapo waliovuka hapo wakaendelea kuishi miaka mingi tu. Ukipiga hesabu, jike wa Ngogo akishakua mtu mzima anaishi karibu sehemu moja ya tano ya utu uzima wake baada ya uzazi kuisha. Wakapima pia mkojo wa majike 66, na homoni zikaonyesha yale yale ya mwanamke anayekoma hedhi, zile zinazotoka kichwani kuamsha ovari zinapanda, estrojeni na projesteroni zinashuka. Hapo wamama walianza kuulizana maswali mpaka renja akasimama kabisa.

Maana hili jambo la kuishi miaka mingi baada ya uzazi kuisha ni adimu sana kwa wanyama. Wengi wanazaa mpaka karibu na kufa, hata tembo anazaa mpaka uzeeni. Mbali na binadamu wanaojulikana vizuri ni nyangumi wachache wenye meno kama orka na naruwali. Wazo kubwa la wanasayansi kuhusu kwa nini mwili unazeeka, Tom Kirkwood alilitoa 1977, ni kwamba nguvu za mwili zina kikomo, ni kama mshahara mmoja wa kulipa ada za shule na kuziba paa linalovuja, kinachoenda kwenye kuzaa kinakosekana kwenye kuutengeneza mwili, na mwili usiotengenezwa ndio unaozeeka. Mfano ni samoni, samaki wa Pasifiki, anataga mara moja tu na kufa hapo hapo.

Sasa mimi nikamuuliza, na malkia wa mchwa je? Sisi huku wote tunakula kumbikumbi, tunajua malkia anataga maelfu ya mayai kwa siku, na bado anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi wakati mchwa wafanyakazi wasiozaa wanakufa mapema. Jibu lake nililipenda sana: malkia halipi yeye gharama, analishwa, anasafishwa, amefungiwa chumbani ambapo adui hamfikii. Kwa mnyama anayelindwa hivyo, wenye miili inayodumu ndio wanaoacha uzao mwingi, kizazi baada ya kizazi. Alafu akaturudisha Ngogo, chakula pale ni kingi na chui ni adimu mno, kwahiyo majike wanapata nafasi ya kufika huo umri, sehemu nyingine wengi wanakufa kabla.

Mama mkubwa hakuridhika, akauliza "Basi anaishi kwa faida ya nani, si alee wajukuu?" Renja akasema kwa orka ndio hivyo, bibi anasaidia watoto na wajukuu wapate samaki. Kwa sokwe haiingii vizuri maana binti akibalehe anahama kundi, wa kiume wanabaki, na dume hajulikani kirahisi ni baba wa nani. Wazo moja ni kwamba jike mzee anazungukwa na ndugu wengi kadiri anavyokaa, kwahiyo akiacha kuzaa anapunguza kugombania chakula na wenye watoto wadogo. Mjadala bado unaendelea, na renja alisema wazi hivyo, nilimheshimu kwa hilo.

Malalamiko yangu yote yako kwa kampuni iliyotupeleka, jina naliacha. Walituahidi kwenye WhatsApp tutawaona "sokwe wa utafiti wenyewe", si kweli, Ngogo ni ya watafiti na watalii wa kawaida wanaenda kwa makundi ya Kanyanchu. Dereva naye alikua anatuharakisha tutoke wakati bado tunauliza maswali, chakula cha mchana kilikua chapati baridi na soda, kwa pesa ile hapana.

Renja nampa nyota 5, kampuni 2. Vibali mnaweza kukata wenyewe UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, raia wa Afrika Mashariki wanalipa kwa shilingi na ni nafuu sana kuliko mgeni wa dola. Vaeni gambuti na suruali ndefu muiingize kwenye soksi kwa ajili ya siafu, na kama mna wazee mwambieni renja mapema, wetu alipunguza mwendo bila kununa. Maswali marefu yaacheni njiani, mkiwa karibu na sokwe ni kunong'ona tu.