Lowe's na Menards, hadiwea za familia zilizopita njia tofauti

Zote za Marekani, zote zilianza kifamilia. Lowe's ilikuwa hadiwea ya mji mdogo North Carolina mwaka 1921, mzee mwenye duka alipofariki ikabaki kwa watoto, baadae mkwe wa familia, Carl Buchan, akaingia ubia na shemeji yake, yeye ndo akaona mbali akakazania vifaa vya ujenzi, 1952 wakagawana mali akabaki na duka peke yake, ilipofika 1961 hisa zikaingia sokoni. Jina limebaki, familia haipo, na hilo kwa kweli linaniuma.

Menards je? John Menard alianza kujenga mabanda 1958 kule Wisconsin, bado mwanafunzi wa chuo, na mpaka leo ni mali ya familia. Lowe's imesambaa zaidi lakini mi nachagua Menards.