Tahadhari: Muuzaji wa vitenge vya “jora moja” kwa washonaji wa nyota, Dodoma

Ndugu mafundi wenzangu na akina mama wa vikundi vya ushonaji hapa Dodoma, naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji wa vitenge ambaye huwafuata hasa washonaji wa mifarishi ya viraka yenye nyota. Hana duka. Picha hutuma kwa simu, fedha hupokea kwa simu, na mzigo humfikia mteja jioni kwa bodaboda, ukiwa umekunjwa kwa unadhifu na kufungwa kwa utepe. Jina lake silitaji. Mtamtambua kwa kauli yake kwamba kitenge chote ni cha jora moja na ua moja, kazi yako ni kukata tu.

Kauli hiyo ina uzito kwetu kwa sababu ya namna nyota inavyokatwa. Nyota ya ncha nane hujengwa kwa vipande vinane vya umbo la uru, kama ule wa karata, na kila kipande huwa na pembe ya nyuzi 45 upande unaoelekea katikati, ili vyote vinane vikikutana vitimize nyuzi 360. Fundi anayetaka nyota iliyotulia huweka patani (kiolezo cha kukatia) ya plastiki angavu juu ya ua alilolichagua, huchora juu ya patani hiyo mistari michache ya ua lenyewe, kisha hulitafuta ua lile lile mara saba nyingine, hadi petali za vipande vyote zikutane katikati na kufanya duara moja. Ua likisogea hata milimita tatu katika kipande kimoja, jicho la mtazamaji huenda hapo hapo. Kwa hiyo sisi tunaponunua kitenge hatuhesabu yadi peke yake, tunahesabu ua limerudi mara ngapi. (Hii ndiyo sababu khanga hutushinda: mji wake ni mmoja katikati, na ukiutaka mara nane utanunua doti nne.)

Nilikuwa na oda ya mfarishi wa bibi harusi wenye nyota nne, yaani maua 32. Ua nililolipenda lilirudi kila sentimita 30, mawili kwa upana. Yadi sita ni karibu mita 5 na sentimita 49, ambazo zingenipa safu 18 na maua 36, kwa hiyo nililipa Sh. 28,000 bila wasiwasi. Nilipokikunjua kitambaa mezani nilikuta vipande vitatu vilivyokunjwa pamoja, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama mita moja na sentimita 70. Yadi sita hazikutimia, lakini hilo lilikuwa dogo. Kila mwisho wa kipande hukata ua katikati, hivyo kila kimoja kilinipa safu tano kamili tu, jumla maua 30. Kibaya zaidi, kipande cha tatu hakikuwa cha jora lile: rangi zilifanana kabisa, ila ua lake lilikuwa dogo kwa karibu sentimita moja. Nililigundua hilo baada ya kukata, patani ilipokataa kukaa. Maua yaliyobaki yanayolingana yalikuwa 20, ambayo ni nyota mbili na masalio.

Nilipompigia, alijibu kwa upole mkubwa kwamba kitambaa kilichoguswa na mkasi hakirudishwi. Huo ni utaratibu wa kawaida wa biashara ya nguo na sina ugomvi nao, ila yeye ameugeuza kuwa kichaka, kwa kuwa anajua kuwa kasoro ya bidhaa yake haionekani mpaka mkasi upite.

Mwenzangu mmoja alinunua kwake mafungu ya vipande vinane vilivyokwisha kukatwa. Hayo yakwepeni kabisa. Pembe zake zilikuwa kama nyuzi 46, na nyuzi moja ya ziada ikizidishwa kwa nane ni nyuzi nane, kwa hiyo nyota haikulala bapa, kingo zake zilifanya mawimbi kama marinda na pasi haikuweza kuilaza. Isitoshe, ua lilifika hadi ukingoni bila kuachiwa ile robo inchi ya mshono, na pande zote nne zilikuwa zimekatwa mshazari, zikavutika hata baada ya kutiwa wanga.

Katika soko la Majengo tumezoea kumwambia muuzaji akunjue jora mbele yetu, na huyu naye apewe sharti hilo hilo: fedha itolewe mzigo ukiwa umekunjuliwa. Nendeni na patani yenu, mchore ua la kwanza, kisha mlilinganishe na la mwisho, si na la pili. Pimeni kwa futi kamba yenu wenyewe, yadi moja ikiwa sentimita 91 na nusu hivi. Geuzeni pia upande wa nyuma, maana kitenge cha wax cha kweli hushika rangi pande zote mbili, na kipande kilichopauka nyuma kati ya vingine visivyopauka hakikutoka jora moja navyo.

Upungufu wa kipimo ni suala la Wakala wa Vipimo, na nimekwisha kupeleka malalamiko yangu. Kwa wale ambao mzigo wake uko kabatini na haujakatwa, nawaomba msiutie wanga wala mkasi. Ukunjueni, muupige picha futi kamba ikiwa imelazwa juu ya maua, na mtunze ujumbe wa muamala wa simu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeufuta.